Karanga Chini ya Tela

Mjukuu wangu Somoe,

Barua yako imefika. Sote wazima, bibi yako anapura ufuta. Umeuliza kama tela lako la kulala safarini ulizibe kabisa chini, mawe na maji yasiingie.

Enzi za mradi wa karanga wa Waingereza hapa Nachingwea, nilipigilia mabati chini ya tela alimolala mpimaji wa ardhi, nikashindilia maganda ya karanga kati ya bati na sakafu kupunguza kelele za mawe. Sikuyachambua kutoa punje zilizobaki, wala sikuacha tundu la kutolea maji. Katikati ya masika mguu wake ukazama sakafuni, mbao zimeoza! Nikabandua bati, maji yakanimwagikia, nikachungulia ndani: karanga zimeota.

Toboa matundu, maji yatoke. Mimi hadi leo siamini. Shambani, kwa matrekta yote yale, zilitugomea. Pale nilipoapa hata tone haliingii, zikaota.

Babu yako