Buni za Mama Koku

Baba Aloisi mume wangu,

Nimefika Bukoba salama, na mwanao anasema nimenenepa. Uliniagiza nisizungumze na mtu melini. Nilijitahidi, nikanyamaza mpaka Mwanza ikapotea nyuma yetu. Halafu Mama Koku, Mhaya niliyekaa naye benchi moja, akafungua kijikapu akanipa buni kavu. Nikazigeuzageuza kama unavyofanya wewe, nikashukuru, nikazifunga kwenye pindo la kanga.

"Mume wangu ana kitalu kizuri," nikamwambia. "Atazipanda."

Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Mama wee, hizo zimechemshwa! Kwetu mgeni anapewa atafune."

Miaka yote tunachuma kahawa, tunaipeleka ushirika, tunarudi nyumbani kunywa chai. Leo nimefundishwa kuila na mtu wa melini! Ni chungu, lakini tulitafuna wote wawili, tukisimuliana habari za wakwe, mpaka meli ikatia nanga.

Bandarini tulishikana mikono, hakuna aliyetaka kuachia. Basi lake la Karagwe lilikuwa linapiga honi. "Zikiota," akasema, "nitakuja kwenu Kibosho kuziona." Akajifuta macho kwa kile kilemba, akapanda.

Nakukumbuka, hata huo mtori wa ndizi unaojipikia bila chumvi. Wasalimie wote hapo kihambani, kwenye migomba yetu.

Najua, mtaalamu wangu, kahawa iliyochemshwa haioti. Lakini nimebakiza mbili. Niandalie kitalu.

Mkeo,
Mama Aloisi