Zamu ya Sankale

Baba Soipan,

Simu yako imezima, ndio naandika. Maharagwe iko jikoni, ongeza chumvi.

Unajua tangu hii korona basi ya shule inabeba nusu, kadi ni moja kwa kila nyumba, watoto wanapanda kwa zamu. Leo ilikuwa zamu ya Sankale, lakini amempa dada yake kadi aende kufanya mtihani. Mimi akaniambia atangoja basi ya pili. Hakuna basi ya pili! Mwalimu amepiga simu, hajafika. Nafikiri anatembea hiyo barabara ya Namanga, na malori zote hizo.

Naenda kumtafuta. Akirudi kabla yangu ~~mchape~~ mpe chai. Usimuulize kitu.

Jana ulisema huyu mtoto ni mchoyo wa kadi. Alikuwa nyuma ya mlango.

Mama Soipan