Kicheko Kilichoonyeshwa

4 Juni

Kwako Mama Kelele,

Marahaba yako nakupa mapema, maana najua huko una haraka. Hujambo? Mumeo bado anakoroma? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza siasa zake.

Tangu tumzike kaka yako ukarudi zako, hakuna anayemtaja mbele yangu. Wateja wakija kunyolewa wanaongea mvua, mpira, bei ya sabuni. Wakikitazama kiti alichokuwa akinyolea, wanakohoa. Kana kwamba majambazi hawakumuua tu pale mlangoni mwa duka letu la kunyolea, walimfuta na jina.

Basi leo wamekuja watu wa televisheni. Mwandishi wao ana ndevu kama zulia la kupangusia miguu. Nikamwambia, "Bwana, kwa kazi yangu mtu huongea vizuri akiwa kitini. Kaa nikutengeneze." Akakaa kwenye kiti cha kaka yako, akauliza, "Mzee, mwanao alikuwa mtu wa namna gani?" Mwanangu, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo! Nikamsimulia siku kaka yako alipopiga chafya akamnyoa mwalimu mkuu nyusi moja, kisha akamshauri atoe na ya pili zilingane. Tulicheka sisi! Itatoka kesho. Nitazame.

Baba yako, mtu wa televisheni


12 Juni

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Goti likandwe na maji ya moto.

Nimekuona. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wenzangu walikuwa wanapokezana simu. Chini ya picha wameandika: "Mwanawe kauawa, baba acheka na wembe mkononi." Mmoja akasema, "Huyo mzee ana lake jambo, wamchunguze." Hakujua ni baba yangu. Nami sikumwambia. Nikaendelea kukunja mashuka.

Mama mkwe ameniuliza kama kwetu ndivyo tunavyoomboleza. Ile habari ya wewe kuja kuishi na sisi, tuiache kwanza.

Mimi chakula hakipiti, baba. Wewe kicheko kilipitaje?

Mwanao


19 Juni

Mama Kelele,

Hujambo? Kula, mama. Usije ukakonda wakakukunja pamoja na mashuka.

Kicheko ni changu, sikikatai. Lakini baada yake nililia mpaka wembe ukaniponyoka. Yule bwana akashuka kitini na povu usoni, ndevu zimebaki upande mmoja, akanishika. Hilo halikuonyeshwa. Nilimpigia simu kumuuliza. Akasema wanaokata picha ni wengine, yeye hana sauti. Nikamwambia, "Basi ungebaki na ndevu zako."

Wateja wamehamia ng'ambo ya barabara, kwa yule kinyozi anayenyoa kama anachimba viazi. Leo nimejinyoa mwenyewe asubuhi, mchana nikajinyoa tena, mikono isilale.

Nijibu, hata kwa kunigombeza. Ukinigombeza angalau nyumba inakuwa na mtu.

Baba yako


30 Agosti

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Kesi ya waliomuua kaka yako imeanza. Waandishi walikuja nyumbani, sikufungua mlango. Mahakamani nilikaa bila kugeuza uso, wasipate cha kupiga picha. Nyumbani pia nimezoea kukaa hivyo.

Duka nimelifunga.

Wasalimie wote.

Baba yako


6 Septemba

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikairudia kazini wakati wa mapumziko. Nilikuwa natafuta ulipomsema mume wangu. Au hakimu. Au mimi nisiyejibu barua. Hakuna. Nikakaa juu ya furushi la mashuka machafu.

Nikawaambia wenzangu: yule mzee mliyekuwa mkimpitisha kwenye simu ni baba yangu, na aliyeuawa ni kaka yangu, tumbo moja. Yule aliyetaka uchunguzwe akaangalia chini. Mwingine akaniuliza kaka alikuwa mtu wa namna gani. Nikajibu mpaka nikacheka, baba. Nilicheka huku machozi yanatiririka, nikasema, kumbe ndivyo kinavyopita.

Nimepata ruhusa. Jumamosi nipo kwako, na mahakamani tutakaa wote. Wapige picha mpaka wachoke. Mama mkwe nitamalizana naye nikirudi, na sitarudi peke yangu.

Ila nakuomba kitu kimoja. Nikiingia usinipokee kama mgeni. Niambie nimenenepa. Niambie nimefanana na shangazi. Ukinisalimia kwa heshima, baba, nitajua nimechelewa.

Mwanao