Mponyaji Wetu Si wa Zamboanga

Shangazi Ising, kwanza nauchukua mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu, maana mama husoma ukurasa wako huu wa ushauri na nisipokuamkia atajua ni mimi hata nikificha jina, halafu nakuomba unisaidie upesi kabla ya Jumapili, kwa sababu nimejifunga mwenyewe kwa uongo na sioni pa kutokea.

Mimi ni kapteni wa timu ya watu watano, tunacheza ile gemu ya mtandaoni ya kulinda ngome, wanne tuko hapa hapa Iloilo, Ufilipino, yaani mimi, binamu yangu Ramil, rafiki yetu Wendell na dada yake Maricho, na wa tano ni mponyaji, yule anayekaa nyuma kuwarudishia wenzake uhai, tunamwita Inday kama unavyomwita binti yeyote unayempenda, jina lake hasa ni Tenri, na Shangazi, huyo msichana sijaona mfano wake. Nilikutana naye siku niliyopangwa kwenye kikosi na watu nisiowajua, wenzetu watatu wakaona maji yamefika shingoni wakajitoa, tukabaki mimi na yeye mlangoni, na kila nikisema sasa nakufa nakuta uhai umerudi, tukaishikilia ile ngome mpaka adui akachoka. Nikamwandikia, "Wewe ni mtu au malaika?" Akajibu, "Mtu, tena sijala." Hapo hapo nikamwomba aje kwetu.

Shida ni kwamba Tenri ni Mwindonesia, wa Makassar, na Wendell hataki hata kuwasikia Waindonesia, kwake wote lao moja, wakishinda wanakukejeli, wakishindwa wanakimbia, na jioni ikifika mtu anaacha vita katikati anapotea. "Mwindo hata kivuli chake humtoroka," ndivyo anavyosema, Ramil anaongeza chumvi, na mimi kapteni mzima nacheka. Basi niliwaambia Inday ni wa Zamboanga, huko kusini mwa nchi yetu, wakisikia lafudhi yake kwenye Kiingereza tunachochezea wanasema ndivyo wanavyoongea kule, naye nilimwomba akubali, akanyamaza, nikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Kila jioni jua likizama anatoka kidogo kuswali, mimi nikasema kwao umeme hukatika saa hizo, na Mfilipino gani asiyeamini habari ya umeme kukatika? Hakuna aliyeuliza tena. Hayo maneno ya Wendell nilijua hayamfikii kwa sababu Kiilonggo chetu hakijui, ingawa siku hizi ameanza kutuzoea, Wendell akitoa utani wake yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Sasa sikia kilichotokea. Juzi Wendell kaja kwangu na boksi begani, anahema.

"Kapteni, nipe anwani ya Inday."

"Ya nini?"

"Hii ni betri kubwa. Tumechanga sisi watatu, wewe tulikuficha kwa sababu hujui kufunga mdomo. Mtoto wa watu anahangaika gizani kila jioni, halafu anarudi kutuokoa sisi mabwege. Ndugu yangu, nikiwa naye nyuma yangu mimi siogopi mtu."

Juu ya boksi Maricho kaandika kwa kalamu nene, "Inday wetu, usikae gizani." Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na Jumapili tunaingia mashindano ya kanda, timu za mchanganyiko zinaruhusiwa, lakini kila jina litaonekana na bendera ya nchi pembeni, na tunaanza na timu ya Jakarta! Nimemweleza Tenri habari ya betri na ya bendera. Hakufoka. Alisema kaka zake wanajua tangu mwanzo kwamba anacheza nasi, wanamcheka kwamba kucheza na Wafilipino ni kama kucheza na redio, kelele tupu, tena wakiishiwa sarafu za kulipia kompyuta wanakuacha vitani peke yako, na yeye huwajibu, "Hawa wangu hamuwajui." Akasema niamue mimi. Nikisema ukweli Wendell ataondoka na timu imekufa, nikinyamaza bendera itanisemea, nimefikiria nimwombe Tenri apumzike Jumapili tuweke mtu mwingine, lakini moyo unakataa. Nifanyeje?

Kapteni, La Paz, Iloilo

*

Kapteni, mwanangu, mkono nimekupa, na Mungu akubariki, maana baada ya hapo ni kugombezwa. Majina nimeyabadilisha yote, kwa sababu wewe ulificha la kwako ukaniandikia ya watu wote waliobaki. Mama yako atakujua tu, pole.

Niliyempenda kwanza kwenye barua yako ni Wendell. Unashangaa? Mdomo wake mchafu, hilo halina ubishi, lakini kijana anayebeba betri begani kwenye jua hili kwa ajili ya msichana asiyemjua hata sura, huyo ana moyo. Waindonesia anaowachukia ni wale wa kichwani mwake. Wa kweli amempata mmoja tu, na huyo kamnunulia betri! Wewe ndiye uliyemdharau rafiki yako. Ulimpima kwa maneno yake ukasahau kumpima kwa mambo anayoyafanya.

Halafu hili la jioni. Nyumbani kwetu kengele ya kanisa ikilia saa kumi na mbili, nani alithubutu kuendelea kutafuna? Tulisimama sote, hata wacheza karata waliziweka karata chini, na bibi akikukamata unatembea utakiona cha moto. Sisi tumeacha. Binti wa Makassar hajaacha, anamwacha adui mlangoni anakwenda kwa Mungu wake, kisha anarudi kazini. Jambo la heshima kama hilo wewe ukalisingizia umeme. Aibu yako, siyo yake.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Unasema Kiilonggo hakijui, hapo hapo unasema Wendell akitania yeye ndiye wa kwanza kucheka. Mwanangu, mtu hajifunzi utani akayaacha matusi. Ameyasikia yote. Kila jioni amesikia watu wake wakitukanwa, akasikia na kicheko chako wewe uliyekuwa unajua, kisha vita vikianza anawaponya mmoja mmoja, Wendell akiwemo. Na akirudi kwa kaka zake anawatetea ninyi. Nimeishi miaka mingi, nimelea watoto na wakwe, na nakuambia kweli, moyo wa namna hiyo mimi sina. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini nikavua miwani.

Wazo la kumpumzisha Jumapili lifute kabisa, usilirudie hata kwa mzaha. Waite hao watatu nyumbani kwako leo. Wape batchoy, supu yetu ya tambi, ikiwa ya moto, washibe kwanza, maana mwenye njaa hapokei habari. Useme ukweli wote, na uanze na kicheko chako kabla ya kufika kwenye mdomo wa mtu mwingine. Wendell atapiga kelele, mwache apige. Akimaliza, mwambie betri iko pale pale, anwani ndiyo imebadilika. Kama namjua mtu wa aina yake, atanuna mpaka bakuli la pili. Na akiondoka, basi ameondoka, mtashindwa na Jakarta mkiwa wanne na nyuso zenu ziko juu. Waandikie na waandaaji, mechi isianze jua linapozama.

Lakini hayo yote yanakuja baadaye. Barua nzima umehangaika kama Wendell atamkubali Tenri, hukujiuliza hata mara moja upande wa pili. Kabla ya kupika, kabla ya kumwita mtu yeyote, mpigie huyo binti. Muombe radhi. Kisha muulize kama yeye, baada ya yote aliyoyasikia, bado anawataka ninyi, na unyamaze mpaka ajibu.

Shangazi Ising