Mguu wa Sajini

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka alfajiri, nikalala macho nasubiri filimbi. Mjinga mimi. Mama kafa juzi, nani apulize?

Kutwa nzima kumenya karoti na viazi. Moshi, macho mekundu. Watu wanazidi kupanda kutoka Mkuyuni, kule bondeni. Mjomba Pius, kaka yake Mama, ndiye msemaji wa ukoo na msiba ni wake. Kaka yangu Deo kashughulikia maturubai. Mimi nimepewa wasifu wa marehemu.

Nimeandika: alijiunga na jeshi angali msichana, akaendesha malori kwenye vita ya Kagera, akarudi na cheo cha sajini na mguu mbovu. Kisha nikafuta mguu mbovu. Nikafuta na filimbi. Filimbi aliyotuamshia sisi, tukapanga mstari uani akague kucha. Halafu Deo akafiwa na mkewe, wanawe wakaletwa huku, nao wakapangishwa mstari uleule. Mama aliwalea kwa karoti za kwenye matuta, mlima wote ule akiupanda anachechemea.

Nimefuta kwa sababu mkurugenzi wangu anakuja kesho na watu wa ofisini. Nataka msiba wa heshima. Basi.

Alhamisi, 12 Juni

Tumemzika. Nimeharibu.

Padri alipomaliza tu, akatokea Bi Mwanaidi, mtani wetu. Kavaa shati la kombati la Mama, linamfika magotini. Filimbi ya Mama mdomoni. Anachechemea kama Mama, anatupa mkono kama Mama. "Mstari! Watoto wa Sajini, kucha! We Deo, umeoga?" Watu wakavunjika mbavu huku machozi yanawatoka. Hata Deo. Bi Mwanaidi akaruka ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Akapewa.

Mimi nilikuwa namwangalia mkurugenzi. Uso unaniwaka.

Bi Mwanaidi akamfuata yuleyule. "We baba mwenye tai! Toa mkono mfukoni mbele ya Sajini!"

Nikamnyang'anya filimbi. Nikamsukuma. Mama wa watu, mzee vile. Nikasema, na kila mtu akasikia: "Toka hapa, kichaa we! Mwizi wa nguo za maiti!"

Bi Mwanaidi akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya udongo, akaondoka. Watani wote wakatupa majembe, wakamfuata. Kazi ya kufukia ni yao, lakini nani angewarudisha? Deo na wanawe wamemfukia Mama kwa mikono yao wenyewe. Nilisikia udongo unavyoanguka na nikatamani nifunikwe mimi.

Mtani hakasirikiwi. Msibani ndiyo kabisa. Mtoto mdogo anajua.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna anayesema nami. Mama wadogo wananipokea sufuria bila kuniangalia.

Matanga yanaanuliwa Jumapili. Watani ndio wa kuzoa majivu ya moto wa msiba na kufagia nyumba. Bila wao majivu yanabaki pale uani, na Mama anabaki mlangoni, hajaagwa. Mjomba Pius kanisemesha mara moja tu: "Mama yako alipita na lori kwenye risasi, Felista. Lakini mtani hakuwahi kumnyanyulia hata sauti."

Mkurugenzi kapiga simu kunipa pole. Kasema yule bibi alimkumbusha nyanya yake, mkono aliutoa mfukoni na amecheka sana. Anaendeleaje? Nikasema hajambo. Aibu imenishika mpaka nikakaa chini, jikoni, kwenye maganda.

Kwa hiyo nimemtukana mtu kwa ajili ya mtu ambaye wala hakuona ubaya.

Jumamosi, 14 Juni

Tumevuka kijito kwenda kwa Bi Mwanaidi, mimi na Mjomba. Nimebeba jogoo wa pili, wa faini. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Bi Mwanaidi." Hakuitika. Anamenya mihogo. Sijawahi kunyimwa marahaba maishani mwangu. Nimebaki magotini, magoti yanauma, na ni halali yangu.

Akaongea na Mjomba kana kwamba mimi sipo. Shati alipewa na Mama mwenyewe. Na filimbi. Siku zile Mama kalazwa hospitalini mjini, Bi Mwanaidi akienda kumtazama, wanafunga mlango wanafanya mazoezi ya kumwigiza. Mama anamkosoa kutoka kitandani: siyo hivyo, mkono juu zaidi, sauti gani hiyo! Wanacheka mpaka nesi anakuja kuwagombeza.

Mimi nilikuwa mjini palepale. Nilikuwa napeleka uji, naondoka.

Nikalia. Bi Mwanaidi akanigeukia. "Machozi yako sitaki. Jogoo namchukua. Kesho kombati unavaa wewe, unamwigiza mama yako mbele ya watu. Ukipatia, tunazoa majivu. Ukiona aibu, kaa nayo."

Jumapili, 15 Juni

Nimevaa. Shati bado lina harufu yake, sabuni ya kipande na udongo.

Ua umejaa. Watani wamesimama upande wao, mikono kifuani. Nikapuliza filimbi, ikatoka pumzi tupu. Nikapuliza tena. "Mstari!" Wana wa Deo wakapanga mstari, watu wazima na ndevu zao, wakanyoosha vidole. Nikaanza kutembea nikichechemea.

"Wee!" Bi Mwanaidi huyo. "Mguu gani huo? Wa kushoto! Mama yako alikuwa mbovu wa kushoto, mjinga we!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, sijui kilitoka wapi. Nikabadili mguu. Nikakagua kucha mpaka za Mjomba. Niliposimama mbele ya Bi Mwanaidi akanipigia saluti, akainama, akachota koleo la kwanza la majivu.

Majivu yametoka. Nyumba imefagiwa. Kila mtu kafurahi.

Ila mimi sikujua ni mguu upi. Mtoto wake wa kumzaa. Tangu niko shule, tukienda gulioni, kanisani, popote penye watu, nilitangulia ili nisionekane naye. Utauonaje mguu wa mtu aliye nyuma yako?

Jumatatu, 16 Juni

Ukungu asubuhi. Narudi mjini, kesho kazini.

Nimeurudisha mguu kwenye wasifu. Wa kushoto, nimeandika. Filimbi nimeitundika kwenye msumari wake.

Bi Mwanaidi kaja kunisindikiza hadi barabarani, na karoti kanifungia. "Shikamoo." "Marahaba. Kucha zako chafu." Njia ya kushukia ni nyembamba, inapita mtu mmoja mmoja. Akanipisha.

Nikamwambia atangulie.