Dole Gumba Penye Jina la Baba Yako

Lamagan, Benguet,
Ufilipino.
9 Februari 2023

Mpendwa binti yangu Delfina,

Pokea salamu za shangazi yako. Hujambo wewe na mumeo? Na wajukuu zangu, wameizoea baridi ya Kanada? Mimi naandika nikiwa nimeegemea mito mitatu. Daktari wa Baguio amesema moyo umechoka na siku zangu si nyingi. Hakunificha, ndivyo nilivyomwomba. Kahawa nimekatazwa, bado nakunywa.

Viazi vitamu vya juu vimezaa vizuri. Matuta ya mpunga ya babu yako yamepasuka. Tangu mgodi ulipoanza kuchimba mlimani, chemchemi imekauka, na maji tunayateka kwenye tangi barabarani.

Wiki iliyopita walikuja watu wa tume ya haki za binadamu kusikiliza malalamiko ya kijiji. Mwanasheria wao, msichana wa umri uliokuwa nao ulipoondoka, alieleza hata wasiosoma wakaelewa. Mataifa, alisema, yamekubaliana kwamba serikali ina wajibu wa kutulinda. Kampuni nayo isitudhuru, hata pale serikali inaposinzia, na aliyeumizwa afunguliwe mlango wa kudai haki yake. Ardhi ya wenyeji haichimbwi mpaka waridhie kwa hiari, wakijua wanachoridhia.

Mzee Banisa akamkatiza: "Sasa hiyo serikali yetu ilikuwa wapi, mwanangu? Ilikwenda chooni?"

Tulicheka sana. Kisha mwanasheria akatoa karatasi ambayo kampuni inajitetea nayo, kwamba tuliridhia. Jina la kwanza ni la baba yako, na alama ya dole gumba kando yake. Nikaacha kucheka.

Delfina, dole gumba lile si la baba yako. Ni langu.

Mwaka 2006, wewe ukiwa umeshaondoka, kampuni ilitufanyia sherehe ikachinja nguruwe kumi. Unajua kwetu fungu la nyama haliachwi. Asiyekuwepo, nduguye humchukulia. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilishika orodha ya nyumba, na kila aliyepokea aliweka dole gumba ili asipewe mara mbili. Baba yako alikataa kuja. Nikamchukulia fungu, nikaweka dole langu penye jina lake. Hapo sikuwa na nia mbaya.

"Leonila, hii nyama ya nani?" akaniuliza.

"Ya sherehe, kaka. Kila nyumba imepata."

"Mpe mbwa. Lakini muulize kwanza kama naye anataka mgodi."

Siku ya tano afisa wa kampuni alinijia shuleni na orodha ile. Juu yake walikuwa wamebandika maneno mapya: sisi wenye majina haya tumeridhia mgodi. Alitaka saini yangu ya kuthibitisha. Niliyasoma yote, mwanangu. Siwezi kusema sikuelewa. Aliahidi madarasa manne. Wanafunzi wangu walikuwa wakijikinga mvua kwa majani ya mgomba humo humo darasani, nikajiambia mgodi utakuja tu, nisaini nisisaini. Nikasaini. Yalijengwa madarasa mawili.

Baba yako ndiye aliyekuwa akiwapinga waziwazi. Karatasi ilipobandikwa ukutani, watu walimgeuka. "Gaspar, mdomo unakataa mgodi, tumbo limekubali?" Hakunitaja. Nawe ulipomwandikia kumuuliza aliwezaje kuuza mlima, hakujibu, na hukurudi kumzika.

Alijua ni mimi. Nilimwendea nikilia, nikasema nitakiri. Akanijibu, "Watakufukuza kazi. Wewe una watoto sitini wa kufundisha. Mimi nina nguruwe wawili, na nguruwe hawasikii umbea." Nikakubali upesi mno. Hata siku ya maziko yake niliimba tu pamoja na wengine.

Jumanne nimesema. Nimewaita watu wa tume, nimeandika maelezo kwa mkono wangu, na nimeweka dole gumba mbele yao walilinganishe na lile. Nilimwomba Mzee Banisa awepo, maana ndiye aliyemdhihaki kaka kuliko wote. Hakunitukana. Alivaa kofia yake akatoka, na jioni nikaambiwa alikuwa kaburini kwa baba yako akifyeka nyasi.

Shauri litachukua miaka, nami sitauona mwisho wake. Serikali itajibu kwa nini haikuhakiki karatasi ile, na kampuni itajibu kwa nini iliigeuza. Mimi najibu kwako. Nilikuacha umchukie mtu asiye na kosa, na muda wa kupatana naye nikaumaliza mimi. Usinisamehe kwa sababu ninakufa. Kasirika kwanza, mwanangu, unayo haki.

Mjomba Ernesto na mkewe Dominga wanakusalimu. Nisalimie Ruben na watoto. Mungu awatie joto nyumbani mwenu, na awape usingizi usio na deni la maneno.

Wanao wakikuuliza habari za babu yao, waambie alikuwa mkaidi mpaka mwisho, na hakuna aliyeweza kumnunua.

Ni mimi shangazi yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Leonila