Chupa Inayotikiswa Kila Jumapili

Nabuyonga,
Mbale.
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Emma,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kazi inakwendaje, na ile miguu iliyokuwa ikikuvimba kwa kusimama zamu imepona? Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na joto la Doha lisiwe limekukausha kama dagaa mukene aliyeanikwa. Huku mvua ya kwanza ilinyesha juzi, vumbi limetulia na watu wameanza kulima. Mimi na Baba Ritah hatujambo. Ritah ameng'oka meno mawili ya mbele, na bado anauliza kama ni kweli mjomba wake analinda jengo lisilo na mwisho juu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Shadiah, binti wa jirani yangu, anarudi huko Ijumaa, naye amekubali kunibebea. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu una tabia yako: nikitaja jina la Afande baba yetu tu, mtandao wako unakatika. Hii haikatiki. Tafuta mahali ukae, uisome mpaka mwisho.

Mwezi wa kwanza nilikwambia kwamba baba yetu ameugua presha na ametoka hospitali, amerudi nyumbani Bugembe. Hukuuliza zaidi, nami sikuongeza. Sasa naongeza. Ni kiharusi, Emma. Upande wote wa kulia umekufa, mkono na mguu. Maneno anayatoa moja moja, kwa taabu, na mate yanamtoka akiongea. Yule mtu aliyekuwa akipiga mluzi getini wafungwa mia wakanyooka, leo Kagoya, yule jirani yetu mjane, ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Daktari alinivuta pembeni akaniambia kingine kinaweza kuja wakati wowote, na kikija hakitabisha hodi.

Nililia siku hiyo. Nilililia stendi ya Jinja mbele za watu, wala sikuona aibu.

Basi nilikaa kule wiki tatu kumuuguza. Unajua mimi siwezi kukaa mikono mitupu. Hapa Mbale nimepata wateja wengi wa keki za harusi, na wengine siku hizi wana pua kali: ukitia vanila ya dukani, ile ya kemikali, wanakwambia inanuka sabuni. Nikafikiri, mimi binti wa mkulima wa vanila, nanunua kemikali kwa nini? Nikamwomba Afande anifundishe kutengeneza vanila ya maji. Nilitaka pia apate kitu cha kuamrisha, maana kulala bila kuamrisha kulikuwa kunamuua haraka kuliko ugonjwa.

Macho yake yaliwaka. Akanituma chini ya kitanda, kwenye lile sanduku la bati, nikachukue maganda ya msimu uliopita. Yalikuwa yamefungwa ndani ya blanketi lake la kijivu la magereza, lile lile alilokuwa akiyafunika nalo kila mwaka baada ya kuyachovya kwenye maji moto, ili yatoe jasho yageuke rangi. Yalikuwa meusi, laini, yana mafuta, na harufu yake ilijaza chumba. Nikapasua kila ganda kwa urefu kwa kisu kidogo, nikayakata vipande, nikayatia kwenye chupa safi, nikamimina waragi, ile pombe kali ya kiwandani, mpaka yakazama yote. Akasisitiza hilo kwa kidole cha mkono wa kushoto. “Yote chini. Moja ikitoka juu, inaoza. Inaharibu wenzake.” Baada ya hapo chupa inawekwa gizani na kutikiswa mara moja kwa wiki. Miezi miwili inatosha kwa mwenye haraka, na mwaka kwa mwenye akili.

Nilipokwenda kuiweka kabatini, nyuma ya magazeti ya zamani, nikakuta chupa nyingine. Ilikuwa kubwa, imejaa, shingo yake imezungushiwa nta ya mshumaa, na maji yake yamekuwa mekundu ya kiza kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikaona bahati hiyo! Nikaitoa niipeleke mwangani.

Afande akapiga kelele. Emma, tangu augue sikuwa nimemsikia akitoa sauti ile. “Weka chini! Hiyo hapana ya keki! Iko ya mtoto!”

Niliiweka chini, lakini nilikuwa nimeshaona. Maganda ya ndani yalikuwa membamba, mafupi, yamesinyaa, siyo kama anayovuna Afande. Na kila moja lilikuwa na alama yetu, nukta tatu za kusimama na moja pembeni.

Huhitaji nikueleze alama ile. Wewe ndiye uliyekuwa ukiichoma, kwa zile pini nne alizozichomeka kwenye kizibo, maganda yangali mabichi mtini, ili mwizi akiyachukua kovu limtaje mwenyewe. Mimi nilikuwa nayararua. Mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko wetu sote, na Afande alikuwa akisema hivyo mbele za wageni.

Sasa nasema kile ambacho mimi na wewe hatujawahi kukisema. Mei ya 2018, mwezi mzima kabla ya mavuno, maganda ya mistari miwili ya juu yaliondoka usiku mmoja. Wewe ulikuwa umeaga kwamba unakwenda kuwaona wajomba Nakaloke. Wiki iliyofuata ulikuwa kwenye ndege. Mimi nilifikiri wezi, kama Bugembe yote ilivyofikiri. Nilikuwa mjinga, au nilipenda kuwa mjinga. Wewe umekaa miaka saba ukiamini kwamba Afande naye hajui. Anajua. Alijua kabla ndege yako haijaruka.

Siku ile aliniambia kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya maneno matatu. Mengine nimeyapata wiki jana kwa Sulaiman mwenyewe, yule mnunuzi uliyempelekea gunia pale Nakaloke, nje ya Mbale. Ulidhani Mbale ni mbali, hakuna anayejua alama za Bugembe. Hukujua kwamba Sulaiman aliwahi kununua kwa Afande misimu miwili. Alikulipa jioni kwa haraka zako, na asubuhi alipomwaga gunia kuchambua, akaona nukta. Wakati ule watu walikuwa wanapigwa kwa vanila, wengine wanauawa, na yeye akaogopa kukutwa na mali ya wizi. Akapeleka gunia polisi pamoja na namba yako ya simu, na sura yako akaieleza mpaka lile kovu la nyusi.

Polisi wakampigia Afande. Akapanda gari akaja Mbale amevaa koti lake la kustaafu. Wakamwekea maganda mezani, wakamuuliza kama alama ile ni yake. Ilibaki neno moja tu, na simu ingepigwa uwanja wa ndege wa Entebbe kabla hujafika.

Sulaiman, aliyekuwapo, anasema Afande alilishika ganda moja muda mrefu, akalisogeza karibu na macho, kisha akalirudisha. “Hapana yangu.”

Yule afisa, kijana tu, akamuuliza tena, “Afande, una hakika?” Akajibu kwamba ametumikia magereza miaka thelathini na moja na hajawahi kusema uongo mbele ya dawati la serikali.

Na ilikuwa kweli, Emma. Mpaka dakika ile ilikuwa kweli.

Mali isiyo na mwenyewe ikarudishwa kwa Sulaiman, na nje ya kituo Afande akamfidia pesa zote ulizozichukua, akabeba gunia. Alilala kwangu usiku ule, hapa hapa Nabuyonga. Nilimuuliza amebeba nini, akasema vanila. Nikamcheka, nikamwambia mkulima ananunua vanila kama mvuvi anayenunua samaki. Hakucheka, na mimi nikaenda zangu kuosha vyombo.

Sasa unajua ganda lisilokomaa lilivyo. Ukilianika linaota ukungu. Alijaribu blanketi, alijaribu jua, likaanza kunuka majani makavu tu. Wala hakuweza kulitupa. Ndipo akaenda dukani kwa Isabirye kununua waragi. Hebu fikiria, mlokole wa miaka ishirini, Biblia kwapani, anaagiza waragi chupa tatu kwa Kiswahili chake cha kambi ya magereza, cha kuamrisha! Duka lote liligeuka kumtazama. Kufika jioni habari ilikuwa imefika kanisani. Wazee wakamwita wakamuuliza kama amerudi nyuma. Angeweza kuwaonyesha chupa, lakini wangeuliza ni vanila ya nani inayotiwa chupani mwezi wa tano, wakati ya Bugembe nzima bado iko mtini? Akanyamaza. Wakamvua uzee wa kanisa. Mwaka mzima alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, yeye aliyekuwa akisoma somo la kwanza. Ndiyo zile habari nilizokwambia kwa simu kwamba mzee ameanza kunywa, na wewe ukasema, “Si ajabu.” Tulimsengenya, mimi na wewe, na alikuwa anatulipia.

Nilimkasirikia. Nilimwambia, “Miaka saba, Afande! Kwa nini hukumwita ukamchapa makofi yakaisha?” Akanijibu jibu la magereza. Nakuandikia kama alivyolisema: “Mfungwa iko anajifunga mwenyewe, hiyo hapana tarehe ya kutoka. Mimi hapana ufunguo yake. Iko naye.”

Nawe pia nilikukasirikia, sitaficha. Nilikaa siku nne naandika barua nyingine kichwani, yenye matusi. Kisha nikakukumbuka umechuchumaa kati ya mistari ya vanila, ulimi nje, unachoma nukta, hutaki hata moja ipinde. Hasira ikaondoka. Ulikuwa na miaka ishirini, na ulitaka kuondoka. Nami nilitaka, ila sikuwa na ujasiri wala gunia.

Kuhusu chupa. Tangu 2018, kila Jumapili akitoka kanisani, kabla hajavua koti, Afande alikuwa akiitikisa. Kagoya amemwona mara nyingi akadhani ni dawa ya miguu. Baada ya kiharusi mkono ule haushiki tena, na wa kushoto unatetemeka, anaogopa kuivunja. Kwa hiyo amenipa mimi kazi hiyo. Kila Jumapili natoka Mbale alfajiri, nafika Bugembe watu wakitoka ibadani, naketi kitandani kwake na kuitikisa huku akihesabu kwa macho. Nilimuuliza kama kitu kibichi hivyo kitawahi kunukia. Akasema, “Kwa jua inaoza. Hapa ndani inangoja.” Nta hajaigusa. Anasema atakayeitoa si yeye.

Jana nilikwenda kama kawaida. Alikuwa amekonda zaidi, na uji ulimshinda. Akaniashiria kabati. “Tikisa.” Nikaitoa chupa, nikaipangusa vumbi, nikaiweka mezani mbele yake, nikakunja mikono. Akanitazama. Nikamwambia, “Leo sitikisi. Mwenyewe anakuja.”

Kisha akauliza, “Lini?”

Nikasema kabla ya mavuno ya mwezi wa sita. Sijui neno hilo nililitoa wapi.

Leo alasiri Kagoya amenipigia. Afande amekataa kulala mchana. Ameagiza koti la kustaafu lipigwe pasi, na kiti chake kigeuzwe kitazame njia.

Ritah anakusalimu na pengo lake. Baba Ritah anakusalimu, anasema nauli isikuzuie, mtashauriana. Shangazi Annah wa Lira anakuombea kila siku. Isabirye naye anakusalimu. Tangu nimweleze, amekwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa, na Jumapili ijayo wanakuja nyumbani kuomba radhi. Sulaiman hana neno na wewe. Bwana aliyekuvusha huko akuvushe tena, akulinde zamu ya usiku na ya mchana, na akupe moyo wa kupiga hodi kwenu.

Njoo, mdogo wangu. Nyumba ile imeshasema uongo mmoja kwa ajili yako, na aliyeusema ni yule asiyejua kusema uongo. Usiniache mimi niwe nimesema wa pili.

Ni mimi dada yako akupendaye, tangu kambini hadi leo,

Janepher